Tano ya Friji Mpya

Mtunza stoo: Haloo? Nani mwenzangu?

Nesi: Ni mimi, kaka. Simu ya mama mmoja hapa wodini, yangu imezima. Shikamoo.

Mtunza stoo: Marahaba, mdogo wangu. Mjukuu wangu kaamkaje? Bado kile kikohozi?

Nesi: Bado. Kaka, friji ya chanjo inasoma ngapi?

Mtunza stoo: Hata hatujamaliza kusalimiana. Inasoma tano.

Nesi: Tano gani?

Mtunza stoo: Tano tu. Asubuhi naandika tano, saa kumi naandika tano. Mkaguzi mwenyewe alisema hajaona karatasi ya joto iliyonyooka kama yangu. Kati ya mbili na nane, si ndivyo tulivyofundishwa—

Nesi: Pembeni ya hiyo tano kuna herufi gani?

Mtunza stoo: Ngoja nisogee... F. Si alama ya kiwanda hiyo?

Nesi: F...

Mtunza stoo: Haloo? Umepotea.

Nesi: Nipo. Chukua kalamu.

Mtunza stoo: Ya nini tena—

Nesi: Chukua, kaka. Tano, toa thelathini na mbili.

Mtunza stoo: Haitoki hiyo. Labda hasi... hasi ishirini na saba.

Nesi: Zidisha kwa tano. Gawa kwa tisa.

Mtunza stoo: Wewe na hesabu zako, tangu utoto... Hasi kumi na tano. Ya nini?

Nesi: Ya sentigredi, kipimo chetu. Hiyo friji ya msaada inapima kwa Farenhaiti. Huko wanakoitumia, maji yanaganda kwenye thelathini na mbili.

Mtunza stoo: Haiwezekani.

Nesi: Chanjo ya kifaduro ikiganda imekufa. Leo nimetikisa kichupa chako, dawa imezama chini kama chokaa. Uliwahi kukuta barafu?

Mtunza stoo: [mlango wa friji unafunguliwa]

Nesi: Kaka.

Mtunza stoo: Vilikuwa vinaganda. Naviweka mezani viyeyuke, ndipo navipakia. Namba ilisema tano, mdogo wangu. Ningebishana na namba?

Nesi: Tangu lini?

Mtunza stoo: Tangu ije, miezi minne. Ya zamani iliondoka na kipimajoto chake. Hii siku ya kwanza ilisoma arobaini, nikasema itazipika chanjo. Nikazungusha kitufe mpaka— ngoja. Arobaini, toa thelathini na mbili, nane. Mara tano...

Nesi: Usimalize.

Mtunza stoo: Nne na ushee. Ilikuja ikiwa sawa. Nimeiharibu kwa mkono wangu mwenyewe.

Nesi: Sauti inakatika— sikiliza. Usimpe mtu kichupa hata kimoja. Watoto wote wa miezi hiyo itabidi waitwe.

Mtunza stoo: Karatasi zote ninazo hapa. Naweza kuziandika upya, hakuna aliye—

Nesi: Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ziache zilivyo.

Mtunza stoo: Watanifukuza.

Nesi: Ndiyo.

Mtunza stoo: Naogopa, mdogo wangu. Na huyu wa kwetu? Sindano zake zilikuwa lini?

Nesi: Wako watatu humu wenye kifaduro, wote kadi zao za chanjo zimejaa—

Mtunza stoo: Nimeuliza wa kwetu.

Nesi: Zote tatu ni za friji mpya.

Mtunza stoo: Nilimpakata mwenyewe akichomwa. Nikamwambia mama yake, usiwe na wasiwasi, hii imetoka mikononi mwangu.

Nesi: Najua. Nilikuwepo.

Mtunza stoo: Msogezee simu nimsikie.

Nesi: Kaka, salio la watu—

Mtunza stoo: Msogezee.

Nesi: Hakohoi sasa. Kachoka. Amewekewa oksijeni, mama yake kamshika mguu.

Mtunza stoo: [karatasi zinachakarika]

Nesi: Upo?

Mtunza stoo: Saa kumi imefika. Ni saa ya kuandika. Niandike nini?

Nesi: Andika tano, na herufi yake. Pembeni andika hasi kumi na tano. Halafu mpigie daktari wa wilaya kabla sijampigia mimi.

Mtunza stoo: Haya. Nimeandika. Nimetia na sahihi. Sasa niambie ukweli, mtoto anapu—

Nesi: Kaka, salio lina—

[Simu imekatika.]