Dada Mwendesha Mashtaka na Kiti cha Kinyozi

Wafiwa wenzetu, majirani, waheshimiwa wa mahakamani na nyote mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, familia imemteua mdogo wa marehemu asome historia hii, si kwa kuwa amesoma kuliko wengine, maana shule aliiachia darasa la saba, bali kwa kuwa sauti yake haihitaji kipaza sauti, na mengi yaliyomo humu aliyaona kwa macho, na moja lilifanyika juu ya kichwa chake mwenyewe.

Marehemu dada yetu alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa kwanza kati ya sita wa mlinzi wa ghala na mama mshona nguo, na kwa kuwa mama alishinda kwenye cherehani, ulezi wa wadogo ulimwangukia yeye, pamoja na uhakimu wa nyumba, hata sukari ikipungua aliwapanga ukutani, akamhoji kila mmoja peke yake, na inakumbukwa kwamba msomaji huyu aliachiwa kwa kukosa ushahidi, ilhali sukari ilikuwa bado inametameta kidevuni.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, sekondari 1976 hadi 1981, akahitimu sheria chuo kikuu Novemba 1986, na tarehe 2 Februari 1987 akaanza kazi katika ofisi ya waendesha mashtaka, chumba namba nane, dirisha likitazama choo cha mahakama, mguu mmoja wa meza umeegemezwa tofali, akadumu humo miaka thelathini na mitano hadi alipostaafu.

Tarehe 9 Desemba 1989 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu watano, na shemeji hujigamba kwamba ndiye mtu pekee aliyewahi kumshinda dada kwa hoja, ila hajawahi kututajia ilikuwa hoja gani.

Kazini alikuwa na tabia iliyowachosha wapelelezi, maana hakusimama na jalada mbele ya hakimu mpaka aende kwa miguu yake pale jambo lilipotokea, asimame aliposimama shahidi, akae alipokaa. Juni 1998 alirithi kwa mwenzake aliyehamishwa jalada la fundi viatu, aliyedaiwa kuiba vitambaa mchana kweupe katika duka linalotazamana na kibanda cha kinyozi, na fundi huyo alikuwa na miezi minne mahabusu, mkewe mjamzito, shahidi dhidi yake mmoja tu, dalali aliyedai kwamba wakati ananyolewa kisogo alimwona kwenye kioo akitoka na mzigo. Mkuu wa ofisi alimwambia kesi hiyo ni ya kutafuna kama karanga, akaongeza kwamba nafasi ya unaibu iko wazi.

Dada alimkokota msomaji huyu, kwa kuwa alilingana kimo na dalali, hadi kibandani, akamketisha, akamwambia kinyozi afanye vilevile alivyofanya siku ile, naye kinyozi akamaliza upande wa kulia, akafika kisogoni, akakikandamiza kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Unaona nini, mdogo wangu?"

"Naona magoti yangu, Dada."

"Na kwenye kioo?"

"Kioo nitakionaje, na shingo imekunjwa kama mwavuli?"

Kinyozi akasema mteja akiinua kichwa hapo atakatwa, na dalali hakukatwa, tena hakuna askari aliyewahi kumuuliza yeye kinyozi neno, basi dada akamfungisha kibanda papo hapo, akampeleka kituoni aandikishe maelezo, na mdogo wake akarudi nyumbani na kichwa kama shamba lililolimwa nusu, watoto wa mtaa mzima wakimsindikiza.

Mkuu wa ofisi alipofoka, dada alimjibu hivi: "Nikimficha hakimu ninachokijua, shahidi wa uongo ni mimi." Tarehe 11 Juni aliiondoa kesi, fundi viatu akaenda nyumbani, unaibu ukaenda kwa mwingine, na jalada likarudishwa kwa mpelelezi, aliyevikuta vitambaa Agosti chini ya kitanda cha dalali, na aliyesimama kumshtaki dalali mpaka akafungwa ni dada yuleyule.

Aprili 2024 aligundulika kuwa na saratani ya damu, akamwomba daktari karatasi za vipimo, akazisoma ukurasa kwa ukurasa, akasema ushahidi umetosha, akaaga dunia Jumatatu tarehe 3 Februari 2025, saa nne asubuhi, mkono wake mkononi mwa mumewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maswali yake, majirani waliopika na kufua bila kuombwa, makarani, mahakimu na wapelelezi aliowachosha, na fundi viatu aliyeketi mstari wa tatu, ambaye ndiye aliyezishona soli za viatu alivyovaa marehemu leo. Tunamshukuru pia kinyozi, aliyebisha hodi leo asubuhi na mashine yake mkononi, akamnyoa msomaji huyu kichwa chote, kulia na kushoto, ili asimame mbele yenu amekamilika.

Dada, leo nimeinua kichwa na ninaona vizuri, nyuma kule watu wamejaa mpaka barabarani. Pumzika kwa amani.