Saa za Tequio

Basi la kuteremka kwenda mji wa Oaxaca halikujaa, kwa hiyo doña Eufrosina, kikapu cha tortilla mapajani, aliyasikia yote ya kiti cha mbele. Msichana mmoja, Nayeli, alikuwa amemtambua aliyeketi naye: karani wa ufadhili wa chuo kikuu.

"Mnataka saa mia mbili za kujitolea," alisema. "Mimi nachimba mtaro wa maji kijijini tangu nina miaka kumi na tano."

"Hiyo ni tequio, binti, kazi ya pamoja ya kijiji. Asiyekwenda si mnamtoza faini? Basi ni lazima, si kujitolea."

"Kumbe ningekaa nyumbani!"

"Kanuni sikuziandika mimi."

Eufrosina, ambaye mumewe aliteguka mgongo kwenye mtaro uleule, akakaza kitambaa cha kikapu ingawa hakikulegea.

"Na wale wanafunzi wa mjini, waliokuja siku mbili wakapigwa picha na sepetu zetu?"

"Hao hawakulazimishwa. Walipata saa arobaini na nane."

"Pamoja na za usingizi?"

"Si walilala kijijini?"

Basi lilisimama. Karani akainuka, akatafuta mkoba wake.

"Walilala kitandani kwangu, bwana," alisema Nayeli. "Mimi nililala chini."