Boriti ya Saba ya Jumba la Opera la Valdora

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Utamaduni,

Sisi mafundi wa jukwaa, washonaji na wanakwaya tunakukaribisha Valdora. Utuwie radhi tukisoma haraka. Pazia linapanda jioni hii, na tuliyo nayo hayawezi kungoja hotuba.

HISTORIA
Jumba hili lilijengwa mwaka 1786 na Ottavio Brenzani, mwana wa mtengeneza vinanda. Ukumbi aliuchora kwa umbo la kwato ya farasi, orofa tano, ili sauti izunguke isipotee. Dari yake si ya mawe. Ni matete yaliyosukwa na kupigwa lipu, yananing'inia kwenye boriti kumi na mbili za msonobari. Ndiyo maana mwimbaji akinong'ona jukwaani, aliye orofa ya juu kabisa humsikia. Mwaka 1871 jukwaa liliungua. Watu wa mji walipokezana ndoo kutoka mtoni mpaka alfajiri, dari ikapona.

MAFANIKIO
Yapo, Mheshimiwa. Leo tutayaruka.

CHANGAMOTO
Jumanne iliyopita, katikati ya mazoezi, kipande cha lipu kikubwa kama sinia kiliangukia safu ya nne. Ines Scaramelli, mshonaji anayekusomea risala hii, alikuwa ndiyo kwanza ameinuka kwenye kiti cha hapo kwenda kufuata uzi.

Delfo Marangoni, msimamizi wetu wa kamba na mapazia kwa miaka thelathini na mmoja, akapanda darini. Alichomeka bisibisi kwenye boriti ya saba, ikazama mpaka kwenye mpini. Maji ya mvua yameiozesha. Akamweleza mkurugenzi. Mkurugenzi akasema mgeni rasmi ameshaalikwa, matengenezo yatangoja kiangazi.

"Basi pazia hilo mimi silipandishi," Delfo akamwambia.

"Atalipandisha mwingine."

Siku ile ile akasimamishwa kazi. Jana tuliitwa ofisini mmoja mmoja, tukaulizwa nani atalipandisha pazia. Hatutakuficha: wawili wetu walikubali kushika kamba, maana wana watoto. Leo asubuhi wamerudi kwa mkurugenzi, wakaweka glavu zao mezani, wakatoka.

MAOMBI
Tunaomba Delfo arudishwe kazini.

Ombi la pili ni la saa hii. Kiti ulichoandaliwa kiko chini ya boriti ya saba, na watu mia tisa watakaa nawe ukumbini. Mhandisi wa manispaa yumo humu sebuleni, tumemwona akinywa kahawa. Tunaomba umwambie apande, nawe ukiweza upande naye. Ngazi iko nyuma ya jukwaa. Akisema boriti ni nzima, tutauomba radhi mji mzima, na adhabu tutaipokea. Lakini mpaka ashuke na kutamka neno, hakuna mkono wetu utakaogusa kamba.

Mungu akulinde, Mheshimiwa, na awalinde wote walionunua tiketi za leo.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Jumba la Opera la Valdora