Korongo Mwenye Pete

Kivuko cha kwenda Kamanga kilikuwa katikati ya ziwa pale Masele, aliyekalia robota lake la mitumba, alipomgeukia Zahabia, mama aliyekaa kando yake. "Asubuhi natembea zangu kule Buswelu, nikaona ndege mkubwa, mweupe, mguuni kavaa pete. Pete, mama! Ndege anavishwa na nani?"

Zahabia alifurahi, maana mumewe aliwajua ndege kuliko wateja wa duka lake. "Mdomo mwekundu, mabawa meusi nchani? Basi ni korongo wa Ulaya. Wataalamu wa huko humvisha pete wajue anakofika. Hana neno, kaka."

Masele akasema, "Sisi tumesema katumwa."

"Katumwa na nani?"

"Alikuwa kasimama uani kwa shangazi yangu. Na macho yake shangazi ni mekundu, mama; kwetu hayo ni ya mchawi."

"Si moshi wa jikoni huo!"

"Najua. Ila leo jioni wanaume wanamwendea shangazi."

Furaha yote ikamwisha Zahabia. "Na wewe, ndugu yake, unafanya nini huku?"

"Wameniambia nisiwepo."

Kivuko kikagusa gati. Watu wote wakainuka na mizigo yao, isipokuwa Masele.