Magonjwa Tuliyompa Anitha

Kijiwe chetu kipo Mikumi, mkabala na gereji ya pikipiki: benchi moja ambalo lori la Iringa likipita linatikisika mpaka kahawa inamwagika. Kalamu ya kijiwe ni mimi, Jastin, ambaye wananiita Bingwa. Shule niliiacha darasa la sita, walimu wakapata kupumua, lakini kwa mwandiko, kutoka hapa hadi Kilosa mjini sina mpinzani. Ndiyo maana jana Damiano, mkulima aliyeshuka kutoka Vidunda, alinifuata na karatasi. Bintiye Anitha hatembei tangu azaliwe. Ruzuku anayopata inaishia kwenye nauli ya kliniki, na kiti mwendo chake amekizidi kimo, magoti yanakaribia kidevu. Bila kingine, shule basi. Afisa ustawi wa jamii alikuwa ofisi ya kata akipokea maombi ya nyongeza, mwisho saa kumi.

— Andika miguu haifanyi kazi, kiti kimekuwa kidogo, akasema Damiano.

— Miguu tu? Mudi muuza kahawa akacheka. Baba Anitha, foleni nzima pale wanaumwa miguu! Ongeza macho.

— Macho yake mazima.

— Haba na haba hujaza kibaba! Hii ni haba moja.

Nikaandika: haoni.

Mzee Rafaeli, tunayemwita Mwanasheria kwa sababu amewahi kushtakiwa mara tatu, akaweka kikombe chini.

— Masikio nayo. Mficha uchi hazai.

— Mzee, hapo hakuna kinachofichwa, tunatunga, nikamwambia.

— Ndiyo hivyo hivyo. Andika!

Nikaandika: kiziwi. Kwa mwandiko wa kulaza, ukiuona unalia kabla hujasoma.

— Sasa weka na kuzimia, akasema Mudi. Treni ya umeme ikipiga honi Kilosa, mtoto anazimia Mikumi.

— Wewe, si kiziwi huyu? nikamuuliza.

— Ndiyo maana ugonjwa wenyewe mkubwa!

Damiano akajikuna kichwa.

— Jamani, hii haitanirudia?

— Tulia, Mwanasheria akamkata. Andika mama yake alishtuliwa na tembo akiwa na mimba. Tembo ni wa nani?

— Wa serikali.

— Basi na ulemavu ni wa serikali! Mwenda pole hajikwai, Damiano. Ruzuku watakuletea mlangoni.

Tulikuwa ukurasa wa tatu, mtoto hali, halali, hamjui hata mama yake, pale Odilia mkewe Damiano alipotokea akimsukuma huyo huyo Anitha, sare ya shule mwilini, daftari mapajani.

— Shikamooni, akasema Anitha.

— Marahaba, tukaitikia wote, Mwanasheria akiangalia pembeni.

— Baba, saa tisa na nusu. Barua tayari?

Kabla sijaikunja, kashaichukua. Akaisoma kwa sauti, bila kukwama popote, hata pale nilipokwama mimi kuandika. Alipofika kwenye tembo, mama yake akashika kiuno. Anitha akamaliza, akageuza karatasi, akatazama nyuma kama kuna jina lingine.

— Baba, huyu ni nani?

Damiano akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Mwanasheria. Akaomba kahawa. Mudi akainua birika, akalitikisa.

— Imeisha, Mzee.

Anitha akachana ukurasa kwenye daftari lake, akaninyang'anya kalamu yangu, akaandika kwa mwandiko wa kawaida kabisa: anaitwa nani, yuko darasa la nne, miguu haimbebi, kiti kimekuwa kidogo, anaomba kikubwa na nyongeza ya kukitunza.

— Weka na kwamba shuleni unafanya vizuri, mwanangu, Damiano akasema taratibu. Wajue kiti kinakwenda wapi.

— Andika wa kwanza! Mudi akadakia.

— Wa kwanza mkoa mzima! Mwanasheria akafufuka.

— Ni wa saba, akasema Anitha, akaandika saba.