Mama Hapohapo Anaondoka na Kijitabu cha Kemia

Tarehe thelathini mwezi huu wa Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mkuu wa Kitengo chetu cha Notsi anastaafu. Jina lake la kwenye cheti hutumiwa na mhasibu na majalada ya vijitabu tu. Sisi wengine wote tunamwita Mama Hapohapo, na hata mumewe siku hizi limemwingia mdomoni. Anaondoka akiwa amehariri notsi za masomo yote ya sekondari, kuanzia Historia hadi Hisabati, isipokuwa somo moja tu. Somo hilo ni Kemia, na kwa bahati mbaya au nzuri, mwandishi wa Kemia ndiye aliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu.

Wageni wa jarida hili wajue kwanza kazi yetu. Tunatengeneza vijitabu vya watu wanaojisomea wenyewe bila mwalimu: mama anayefungua kitabu watoto wakishakula, muuza duka anayesoma kati ya mteja na mteja, kijana aliyerudishwa nyumbani na maradhi. Watu hawa wakikwama hawana wa kumuuliza. Mama Hapohapo aliliweka jambo hilo moyoni tangu siku ya kwanza, na kwa sababu yake alitusumbua sana, Mungu ambariki.

Aliingia hapa kama mpiga taipu, enzi za stensili, wino ukimrukia hadi kwenye kilemba. Kazi yake ilikuwa kuchapa notsi za waandishi na kuzirudisha safi. Yeye alizirudisha safi na alama za kuuliza pembeni, ambazo hakuna aliyemwagiza. Mkuu wa wakati huo alikasirika asubuhi, akazisoma zile alama mchana, na jioni akamwambia ahamie meza ya uhariri. Miaka ikapita, akakabidhiwa kitengo chote na funguo za kabati la chai.

Huwezi kumzungumzia bila kukizungumzia kile kiti. Kipo katikati ya chumba chetu, cha mbao, mguu mmoja umewekewa boksi lililokunjwa ili kisiyumbe. Kinaitwa Kiti cha Mjinga. Kabla notsi zozote hazijaenda kwa mchapaji, anakaa pale mtu asiyelijua somo hilo, naye Mama Hapohapo anamsomea kwa sauti, penseli mkononi. Aliyekaa ana kazi moja tu. Akikwama, anyooshe mkono. Mkono ukipanda, Mama anasema, "Hapohapo!", anatia alama kwenye mstari ule, na mwandishi anaondoka nayo kwenda kuuandika upya. Kuitikia kwa kichwa kwa ajili ya heshima tu ni marufuku. Kuuliza si ujinga, alikuwa akituambia, lakini kuitikia usichokielewa ni ujinga uliovaa viatu.

Mimi nilifika hapa nikiwa nimetoka kufundisha, kichwa kimejaa sifa zangu mwenyewe. Siku niliyotakiwa kukaa pale kusikiliza notsi za Uandikaji wa Hesabu za Biashara, nilivimba kama andazi. Ndani ya ukurasa wa kwanza mkono wangu ulikuwa juu, na haukushuka sana mpaka wakati wa chakula. Nilitoka pale nimechoka, nimenyenyekea, na nimeelewa maana ya malighafi.

Hata mkurugenzi alikaa. Alikuja kwa kikao kifupi kuhusu karatasi za kuchapia, akakuta viti vingine vyote vina mafaili juu yake, akajikalia zake katikati ya chumba. Mama alikuwa ndiyo kwanza anaanza notsi za Jiografia, hakuona sababu ya kusimama. Mkurugenzi alinyoosha mkono kwenye neno visukuku, yale mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, na tangu hapo akanogewa. Aliuliza, akaulizia aliyouliza, chai yake ikapoa na kikao cha karatasi kikasahaulika. Aliondoka na kijitabu kwapani, akisema ni cha mwanawe.

Si kwamba mambo yalikwenda sawa siku zote. Mwaka mmoja zilianza kuja barua kutoka kwa wanafunzi wa Fizikia, wote wakilalamika kitu kimoja: ukurasa wa kwanza wa kijitabu chao umepotea. Tukamvaa mchapaji. Mchapaji akaapa kwa mama yake mzazi kwamba alichopewa ndicho alichochapa. Tukapekua nakala zilizobaki stoo, kurasa zote zilikuwepo. Mwishowe Mama akaishika nakala, akaanza kuisoma kwa sauti, na hapo ndipo tulipoona aibu yetu. Kijitabu kilianza na kuzidisha kani, bila kusema popote kwamba kani ni ile nguvu ya kusukuma au kuvuta. Ukurasa haukupotea, hatukuwahi kuuandika.

Aliyekaa kitini mara ile alikuwa dereva wetu wa ofisi. Kwa miaka alikuwa amesomewa Fizikia pale pale, toleo baada ya toleo, hata akawa anaijua na kujisifia nayo gereji. Kani kwake ilikuwa kama jina la shemeji. Wahenga walisema mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani, nasi tulikuwa mashakani kweli, kwa sababu ofisi nzima ilikuwa imeerevuka. Mama Hapohapo alicheka mpaka akajifuta machozi, halafu akaziandikia barua zile majibu yeye mwenyewe, moja moja. Kuanzia siku hiyo ikawa sheria: hakuna kukalia kiti mara mbili kwa somo lilelile.

Basi tukawa tunatafuta wajinga mitaani. Alikuja mlinzi wa getini. Alikuja fundi cherehani wa jengo la jirani, dada mmoja mcheshi, ambaye hakuacha kazi yake nyuma, akawa ananyoosha mkono wenye sindano. Alikuja pia mume wa Mama, fundi majokofu, mtu mpole asiyependa makuu. Yeye alisinzia katikati ya notsi za Historia. Mkewe hakumwamsha. Aliandika pembeni, "Hapa mtu amelala," na mwandishi wa Historia akalazimika kuirudia sura nzima.

Mtaona nimezunguka sana bila kuigusa Kemia. Yeye mwenyewe alifanya hivyo kwa miaka yote. Ikifika zamu ya Kemia, alimpa penseli mwandishi wa Jiografia, akasema anakwenda kwa mchapaji kuangalia rangi ya majalada, hata siku ambazo mchapaji alikuwa likizo. Tulijua kwa nini. Alitaka kuwa muuguzi tangu utoto wake, Kemia ikamkatalia, akaenda kujifunza taipu. Hakuficha jambo hilo, ila hakutaka lijadiliwe. Mganga hajigangi, tukasema, tukaliacha.

Mwaka jana alikwenda zahanati kupima presha. Muuguzi aliyempima alilitambua jina lake, maana huandikwa nyuma ya kila jalada letu, isipokuwa la Kemia. Yule binti akaacha kipimo kikining'inia mkononi mwa mgonjwa, akamwambia kwamba alirudia mitihani yake kwa vijitabu hivi, akiwa nyumbani na mtoto mchanga, hana mwalimu wala jirani aliyesoma. Kisha akauliza, "Mama, na ile ya Kemia nayo ni yako?" Mama Hapohapo akajibu kwamba hiyo hajawahi hata kuisoma. Alitusimulia habari hii huku akicheka, lakini siku ile penseli yake haikugusa notsi zozote.

Sasa nisimulie jambo la wiki iliyopita, kwa sababu bila hilo wasifu huu ungekuwa haujafika popote.

Tulikuwa tumekaa kupanga sherehe ya kumuaga. Fundi cherehani naye alikuwepo, shati la mteja mapajani. Mama Hapohapo akainuka, akalisukuma boksi la mguu wa kiti likae vizuri, akakaa. Miaka thelathini na moja hatukuwahi kumwona pale. Akanipa penseli yake, akaniambia, "Mwanangu, anza mwanzo. Kemia."

Nilisoma. Nilifuata mistari kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Alisikiliza atomu, akasikiliza elementi, mikono ameikunja. Tulipofika kwenye kusawazisha milinganyo, nikasoma sentensi niliyoiandika mwenyewe zamani na kuipenda: kwamba maji yakiandikwa kwa alama, H₂O, namba ndogo ya chini haibadilishwi, inabadilishwa namba kubwa ya mbele tu. Mkono wake ukapanda.

"Hapohapo," nikasema.

Akasema alipokuwa msichana alinyoosha mkono mahali hapohapo, kwenye kanuni ileile. Alitaka kujua kwa nini ile ndogo isibadilishwe. Mwalimu akamwambia akae chini asiwapotezee wenzake muda, darasa likacheka, naye hakunyoosha mkono tena mpaka alipomaliza shule. "Ndiyo maana nikaleta kiti," akasema, kama mtu anayeeleza kwa nini kaleta mwavuli.

Niliitazama sentensi yangu. Nilikuwa nimetoa amri, sikutoa sababu. Wote waliokaa pale miaka yote waliipokea kama amri, wakapita. Aliyekwama kweli alikuwa mmoja, naye kila ilipofika zamu ya Kemia alikuwa nje.

Nikajaribu kueleza, nikajikanyaga. Nikajaribu tena. Mwishowe nikaliomba lile shati mapajani mwa fundi, nikalinyanyua. Nikamwambia shati lina mikono miwili na kola moja, hiyo ndiyo namba ndogo, ndiyo inayolifanya liwe shati. Ukitaka mikono zaidi, unashona shati jingine, na hiyo ndiyo namba kubwa ya mbele. Ukishonea mkono wa tatu kwenye shati hilohilo, umetengeneza kitu kingine, na mteja atakurudishia. Maji ni hivyohivyo. Ukiichezea namba ndogo, hayo si maji tena.

Akachukua karatasi, akaandika haidrojeni na oksijeni upande mmoja, maji upande wa pili, akaanza kuhesabu kwa ncha ya kidole. Fundi cherehani alikuwa ameshikilia sindano hewani. Akaweka namba kubwa mbele ya maji, akaona haidrojeni haitoshi, akaweka nyingine mbele yake. Pande zikalingana. Akatazama juu, akasema, "Kumbe ni hivi tu?" Kisha akalia, na sioni haya kusema kwamba hakulia peke yake.

Tulikuwa tumemnunulia saa ya ukutani. Ameikataa kwa heshima, inabaki ofisini. Ameomba vijitabu vyote vya Kemia, na ukurasa ule uandikwe upya, shati likiwemo. Umeandikwa. Ameshajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, mtihani ni mwezi wa kumi na moja. Uuguzi, anasema, hautaki tena, miguu imechoka. Anataka tu kuumaliza ule ukurasa ambapo aliambiwa akae chini.

Mama Hapohapo, asante. Asante kwa alama zako za kuuliza zilizotunyima usingizi, na kwa watu ambao hatutawaona kamwe, wanaosoma sasa hivi peke yao na kuelewa kwa sababu wewe ulikataa tuwapite. Kiti tunakibakiza. Jumatatu anakaa mhasibu, kwa Biolojia, na tayari ameanza kulalamika.

Tunakutakia maisha mema, afya, na mtihani mwepesi. Mpaka mwezi huo wa kumi na moja wewe ni mwanafunzi wetu, na mlango unaujua. Ukikwama, nyoosha mkono, Mama. Safari hii hakuna atakayekwambia ukae chini.