Historia ya Anyelwisye Mwakilembe, Mfuga Chatu wa Mwaya

Mchungaji, wazee wa ukoo, na ninyi nyote mliotoka Mwaya, Ngana, Bondeni na kule Ikombe, familia inaomba tusikilizane kwa utulivu, kwa kuwa habari hizi zinagusa jambo ambalo wazee watalitolea uamuzi leo baada ya maziko, yaani kama mjane, mama Tulinagwe, atabaki katika nyumba hii au atarudishwa kwao.

Ndugu yetu Anyelwisye alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa Mwaya, akiwa mtoto wa mwisho wa mzee Sadoki Mwakilembe, akasoma shule ya msingi hapahapa kuanzia mwaka 1980 hadi 1986, na mwaka 1991 akaenda Arusha, akaajiriwa katika bustani ya nyoka, alikolisha wanyama na kusafisha mabanda hadi bustani ilipofungwa mwaka 2014, ndipo akarudi nyumbani na kibali cha kufuga pamoja na chatu wawili, wa aina ile ndogo isiyo na sumu, inayojiviringisha kama mpira ikiogopa.

Tarehe 6 Septemba 2003 alifunga ndoa na Tulinagwe, binti wa wafinyanzi wa Ikombe, na Mungu akawajalia watoto wawili, Kisa na Nelson.

Mwaka 2018 chatu jike alitaga, na marehemu, akitafuta chombo cha kutunza joto, aliyaweka mayai ndani ya chungu cha mkewe chenye michirizi myeupe, na yalipoanguliwa, mtoto mmoja alitoka na mabaka meupe kama aliyemwagiwa maziwa, wenzake wote wakiwa wa kahawia kama wazazi wao. Marehemu hakuwa mtu wa kuacha utani upite, akasema sokoni Bondeni, "Mke wangu fundi jamani, anachora mpaka nyoka ndani ya yai!" Watu wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote.

Kicheko kilikoma Juni 2019, jirani yetu Veronika, aliyekuwa akinywa maji ya mtungi wa Tulinagwe, alipojifungua mtoto mwenye shungi la nywele nyeupe juu ya paji la uso, watu wakaanza kuulizana, "Si alisema mwenyewe?" Vyungu vikarudishwa, vingine vikavunjwa njiani, na baba mkubwa Ambilikile, kaka wa marehemu na mkuu wa ukoo, akaacha hata kunywa maji katika nyumba hii, akatamka mbele za watu, "Mdogo wangu, siku ukitutangulia, huyo mama na udongo wake warudi Ikombe." Biashara ya vyungu ikafa, na mwaka 2023 Kisa akaacha shule akiwa kidato cha pili.

Marehemu alisema kwamba moto ameuwasha yeye kwa mdomo wake, hivyo ni juu yake kuuzima. Mwaka uleule aliwachukua wale watoto wa kahawia, ndugu wa yule mwenye mabaka, akawapeleka Ngana kwa rafiki yake Godwin, wakalelewa kwenye mabeseni ya plastiki ili wakikua wazaane wao kwa wao, akiwaza kwamba kama weupe umo katika damu, waweza kujificha kwa mzazi na kutokea kwa mtoto, lakini kama ulitoka kwenye chungu, huko Ngana hautaonekana kamwe. Uzao wa mwaka 2023 ulitoka kahawia mtupu, na watu wakamcheka, "Chungu kimebaki Mwaya, na michoro imebaki Mwaya!" Akambadilishia yule jike wa Ngana dume, akampa ndugu mwingine wa uzao ule wa 2018, akangoja tena.

Februari 2025 alianza kuugua figo, akatibiwa hospitalini na baadaye nyumbani, na kila Godwin alipokuja kumwona aliulizwa habari za mayai kabla hajaketi. Tarehe 2 Novemba Godwin alifika na ndoo ya plastiki kwenye pikipiki, Ambilikile akaitwa, kifuniko kikafunguliwa kando ya kitanda, na kati ya watoto sita, wawili walikuwa na mabaka meupe. Ambilikile aliinama akawatazama mmoja mmoja, akamuuliza Godwin kama kwake kuna chungu, naye akajibu, "Baba, kwangu hata kigae hakuna." Mzee akaondoka. Marehemu alifariki tarehe 5 Novemba, saa nne asubuhi, bila kusikia jibu la kaka yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kulala matangani, wafanyakazi wenzake wa zamani waliotuma rambirambi kutoka Arusha, Godwin, na Veronika aliyekuja jana na mtoto wake bila kumfunika kichwa, akaketi mkekani pembeni ya Tulinagwe. Tunamshukuru pia baba mkubwa Ambilikile, ambaye asubuhi hii, Kisa alipomletea maji ya chupa, aliyasukuma kando, mbele ya wazee wenzake, akasema, "Nipe ya mtungini," akanywa, akaomba kikombe cha pili. Ndaga fijo, asante sana, baba mkubwa, sasa tunalisubiri neno lako.

Anyelwisye, umeuzima moto wako. Pumzika kwa amani.